Vifaa vya studio ya nyumbani: kipi kinafaa kupelekwa Kampala

Mtunzi wa muziki wa Kampala siku hizi anaweza kutengeneza wimbo chumbani kwake akiwa na kompyuta, kadi ya sauti ya nje, maikrofoni, hedifoni na programu. Kwa mfanyabiashara anayeleta vifaa hivyo kutoka Dubai, Guangzhou au Nairobi, kazi ni kujua kipi anunue, kwani mzigo usiofaa ukishavuka Malaba au Busia ni vigumu kuurudisha.

La kwanza ni umeme. Uganda hutumia volti 240, na plagi ya pini tatu bapa kama Kenya. Spika za studio zenye amplifaya ndani zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa 120V, na zikichomekwa moja kwa moja huungua. Kibandiko cha nyuma kikisema 100-240V hakuna tatizo. Kadi ya sauti ya USB hupata umeme kutoka kwenye kompyuta, hivyo ndiyo bidhaa yenye usumbufu mdogo. Zile za zamani za FireWire ziachwe hata kama bei ni ya kutupa, maana kompyuta mpya hazina tundu lake.

Maikrofoni ndipo wengi wanapopoteza fedha. Ile ya kondensa husikia kila kitu, zikiwemo bodaboda za barabarani, na huhitaji volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti. Anayeiuza pamoja na kadi isiyotoa umeme huo atarudishiwa. Ya dainamiki, kama Shure SM58, haihitaji umeme huo na huvumilia chumba chenye kelele. Lakini SM58 za bandia ni nyingi duniani. Ikiuzwa robo ya bei ya kawaida, mnunuzi aondoke.

Programu hazisafirishwi kwa lori. FL Studio ya Ubelgiji, iliyoitwa FruityLoops hadi 2003, hununuliwa kwa intaneti na mwenye leseni hupata matoleo mapya bure. Reaper hujaribiwa siku 60 kabla ya kulipia. Audacity ni ya bure na inafaa kurekodi na kukata sauti, ila mtunzi wa midundo ataichoka mapema. Kuuza kompyuta iliyojazwa programu za wizi ni kosa chini ya sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006, japo wauzaji wengine huliita zawadi kwa mteja.

Mpakani kuna kosa linalojirudia. Utaratibu rahisi kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zenye asili ya Afrika Mashariki. Kadi ya sauti ya China haigeuki ya Kenya kwa kununuliwa Luthuli Avenue. Itatozwa ushuru wa kundi lake, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya thamani pamoja na ushuru.

Ankara nayo isiandikwe "vifaa vya muziki" tu. Maikrofoni, hedifoni na spika ziko namba 8518, vinanda vya umeme 9207, na kompyuta, ambayo haina ushuru wa forodha, iko 8471. Vikichanganywa, kompyuta inaweza kutozwa isivyostahili. Kwa mzigo mkubwa wa vifaa vya umeme, cheti cha ukaguzi kinachotakiwa na shirika la viwango la Uganda, UNBS, kitafutwe kabla kontena halijafungwa.