Kurudisha Ardhi Iliyochimbwa Mafuta si Kazi ya Siku Moja

Kaskazini ya mji wa Fort McMurray, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, mna mashimo mapana yenye mchanga mweusi unaonuka lami. Si mbali na hapo viko vilima vyenye misonobari na malisho ya nyati wa msituni. Vilima hivyo navyo ni mazao ya machimbo, ila vimekwisha kupandwa upya.

Mchanga wa mafuta ni mchanga ulioshikamana na lami nzito. Huko Alberta umetandaa chini ya eneo la kilometa za mraba 142,000 hivi, na kati ya hizo 4,800 hivi ndizo ziwezazo kuchimbwa kutoka juu. Uchimbaji mkubwa wa biashara ulianza mwaka 1967. Msitu hukatwa, vinamasi hukaushwa na udongo wa juu huondolewa. Kisha mchanga hukoshwa kwa maji ya moto ili kutoa lami, na matope yabakiayo humwagwa katika mabwawa, ambamo udongo laini huchukua miaka mingi kutuama.

Sheria ya jimbo inazilazimisha kampuni kuirudisha ardhi. Udongo wa juu huwekwa akiba. Shimo likishafukiwa, udongo huo hutandazwa, na juu yake hupandwa nyasi, vichaka na miti ya asili. Mwaka 2008 kilima cha Gateway Hill, chenye hekta 104, kilikuwa cha kwanza kupewa hati ya serikali. Mwaka 2010 bwawa la matope lililoanza kutumika mwaka 1967 liligeuzwa nchi kavu, ikapandwa miche zaidi ya 600,000. Hata hivyo, matope laini ya bwawa hilo yalihamishiwa kwanza penginepo.

Ikumbukwe kuwa sheria haidai ardhi irudi vile vile ilivyokuwa. Inadai iwe na uwezo unaolingana na ule wa awali. Ndiyo maana mahali palipokuwa bonde la majimaji, leo pamesimama kilima cha misonobari.

Kinamasi cha huko hujengwa na mimea iliyooza nusu, na tabaka lake huongezeka kwa milimeta moja hivi kwa mwaka. Tabaka la meta mbili, basi, ni kazi ya miaka elfu mbili. Mwaka 2013 wataalamu walikamilisha kinamasi cha kutengenezwa, Nikanotee, chenye hekta 3 hivi, kwa udongo uliochukuliwa kwingine. Mimea imeota, lakini chumvi itokayo katika mchanga wa machimbo ingali tatizo la kuangaliwa.

Kwa Wacree, Wadene na Wametis, wenyeji wa nchi hiyo, jambo hili lahusu chakula na afya ya nyumba. Vinamasi ndivyo viwapavyo matunda ya porini, majani ya chai na dawa. Baadhi ya kampuni sasa hushauriana na wazee wao juu ya mimea ifaayo kupandwa.

Kwa hiyo hesabu ya miche haitoshi kuipima kazi hii. Hapana budi kuuliza pia kama mama wa huko ataweza kwenda porini na kurudi na matunda na dawa alizochuma bibi yake. Msitu wa kilimani waweza kupatikana katika umri wa mtu mmoja. Kinamasi hakipatikani hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki.