Gati la Nuru: Taa ya Polima na Kiswahili cha Sayansi

Swali linalowaelemea wapenzi wa lugha hii ni kama Kiswahili chaweza kuifafanua sayansi mpya kwa ulimi wake chenyewe. Kauli tupu hazitoshi. Ni sharti tulijaribu jambo lenyewe. Nimechagua taa ya polima, na mfano wangu nautoa bandari ya Tanga.

Mwaka 1990, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kuwa utando mwembamba wa polima hutoa nuru upitishiwapo umeme. Utando huo hukaa baina ya elektrodi mbili: kathodi huingiza elektroni, nayo anodi huziondoa na kuacha matundu. Elektroni ikutanapo na tundu, nishati yake yaweza kutoka ikiwa nuru. Upande mmoja ukipungukiwa, ziada ya upande wa pili hupita bure, na mng'aro hufifia.

Kwa miaka mingi, kabla ya kina cha gati la Tanga kuongezwa, meli kubwa zilitia nanga ghubani na shehena ikafikishwa nchi kavu kwa matishari. Shehena ilikuwapo tele. Kikwazo kilikuwa mahali pa kupokelea. Vivyo hivyo, baina ya metali na polima pana kizingiti cha nishati. Kifaa cha 1990, chenye kathodi ya alumini, hakikufikia ufanisi wa asilimia 0.1. Mwaka 1991, Braun na Heeger walitumia kalisi, ambayo huachia elektroni kwa wepesi, juu ya polima ya jamii ileile. Ufanisi ukafika takriban asilimia 1. Hata hivyo, kalisi huharibiwa upesi na hewa na unyevu. Ndiyo maana baadaye alumini iliwekewa chini yake tabaka jembamba mno la floridi ya lithi. Walau elektrodi moja, kwa kawaida anodi, hupaswa kuwa angavu, ili nuru ipate njia ya kutokea.

Tazameni sasa maneno tuliyoyatumia. Elektrodi na polima tumeyakopa. Utando, tundu na kizingiti ni ya nyumbani, na ndiyo yaliyobeba maelezo. Mwaka uleule wa 1990, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Lakini mwanafunzi wa sekondari huko Pangani au Muheza bado husomeshwa fizikia kwa Kiingereza. Istilahi zipo, ila zimetia nanga mbali na darasa. Kazi iliyobaki ni kuchimba gati.