Kabla ya Kubonyeza Y, Soma Orodha

Naandika kutoka Nyansiongo, kaunti ya Nyamira, kwenye mashamba ya chai. Kazi yangu huku ni kuhudumia kompyuta. Nyingi ni kuukuu, nami naziwekea Ubuntu au Debian, mifumo endeshi isiyo na malipo. Vijana wa huku na wa kwetu Mombasa huniuliza swali moja: mbona nimeomba programu moja, na kompyuta yataka kushusha vifurushi thelathini?

Jawabu ni kwamba programu haisimami peke yake. Mwenye kutaka pilau ataka mchele, nyama na bizari, na bizari nayo yataka jira, iliki na mdalasini. Vivyo hivyo, programu ya kuchezea video yategemea vipande vya kufungulia picha na sauti, na vipande hivyo navyo vina vyake. Hapo zamani mtu alivitafuta kwa mkono, kimoja baada ya kingine. Mwaka 1998 watu wa Debian wakatoa apt, chombo cha kuandikia amri, kikabeba mzigo huo.

Waandika sudo apt update, nayo yaleta orodha mpya ya vifurushi. Kisha sudo apt install vlc. Yaangalia kilichomo, yahesabu kilichopungua, na kabla ya kushusha chochote yakuonyesha majina yote na ukubwa wake kwa megabaiti. Ndipo yauliza: Y au n?

Hapo wengi hubonyeza Y bila kusoma. apt ni hodari wa hesabu, lakini haijui wewe wahitaji nini. Ukiondoa kipande kinachotegemewa, vinavyokitegemea navyo vyaondoka. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtengeneza video maarufu wa Kanada, alikuwa akiweka Steam kwenye Pop!_OS, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu. Kifurushi cha Steam kilikuwa na kasoro siku hizo. apt ikamwonya kwamba vifurushi vya lazima vitaondolewa. Akakubali, na kompyuta ikabaki na maandishi matupu.

Ukiwa na shaka, ongeza -s, kama hivi: apt install -s vlc. Yakuonyesha kila itakachofanya, bila kukifanya. Kwa mwenye bando dogo na kompyuta moja ya nyumba nzima, dakika hiyo ya kusoma ni akiba.