Simba na Mlinzi wa Shamba

Tukitaja afya, wengi hukumbuka malaria, kuhara na chanjo za watoto. Lakini kwa mkulima wa Rufiji au Lindi, afya ni pamoja na kulala shambani na kuamka mzima. Leo tuzungumze juu ya simba.

Kati ya mwaka 1990 na 2004, simba waliua watu wasiopungua 563 katika Tanzania. Wengine zaidi ya 300 walijeruhiwa. Wengi walikuwa wakulima wa wilaya za kusini. Huko Rufiji peke yake, watu wapatao 35 waliuawa kati ya mwaka 2002 na 2004. Simba aliyepigwa risasi mwezi wa Aprili 2004 alikutwa na jipu kubwa chini ya gego. Watu wakasema maumivu ya jino ndiyo yaliyomfanya ale watu. Huenda. Lakini jino bovu la simba mmoja haliwezi kueleza vifo vya watu mia tano.

Sababu kubwa ni nguruwe pori.

Simba hupenda kula pundamilia, nyumbu na swala. Mahali ambapo wanyama hao wamepungua, simba hula nguruwe pori. Nguruwe naye hupenda mahindi, mpunga na muhogo. Basi mazao yakikomaa, nguruwe huja shambani usiku, na simba humfuata nyuma. Na nani yuko shambani usiku? Ni mkulima, amelala katika dungu au kibanda cha makuti, analinda chakula cha watoto wake. Ndiyo maana mashambulio huwa mengi miezi ya mavuno, Machi hadi Mei.

Mwezi nao una habari yake. Wataalamu walilinganisha tarehe za mashambulio na umri wa mwezi. Waliona kwamba watu wengi hushambuliwa katika siku kumi hivi baada ya mwezi mpevu. Kwa nini? Usiku wa mbalamwezi wanyama humwona simba, kwa hiyo simba hushinda na njaa. Siku zinazofuata, mwezi huchelewa kuchomoza. Jua likizama giza huingia, na watu bado wako njiani, kisimani au chooni. Saa hizo, tangu magharibi hadi kama saa nne usiku, ndizo za hatari. Basi mwezi ukishapevuka, maji yachotwe mapema na watoto waingie ndani kabla ya giza.

Tufanye nini shambani? Kwanza tumzuie nguruwe. Chimbeni mfereji wenye kina kuzunguka mashamba. Kazi hiyo ni nzito kwa mtu mmoja, lakini mashamba yakiwa pamoja, mfereji mmoja huwafaa watu wengi. Dungu liwe juu, lenye nguzo imara, kuta na mlango. Kibanda cha chini kisicho na mlango si kinga. Msilinde mmoja mmoja. Fyekeni vichaka karibu na nyumba na njia. Choo kisiwe mbali na nyumba.

Wengine hutega nyaya au kutia sumu kwenye nyama. Usifanye hivyo. Waya humkamata simba pia, na simba aliyejeruhiwa huwa hatari kuliko mzima. Sumu huua mbwa na tai, na inaweza kumfikia mtoto anayeokota chochote.

Mtu akijeruhiwa, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ipungue. Damu ikikatika, osha jeraha kwa maji mengi safi na sabuni. Usitie majivu, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta. Usilishone nyumbani. Mdomo na kucha za simba zina vijidudu vingi, na hata jeraha dogo huoza haraka. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Atahitaji dawa na sindano ya kuzuia pepopunda. Mwulize mganga pia juu ya kinga ya kichaa cha mbwa.

Mwanakijiji ana haki ya kuuliza: kwa nini simba ahifadhiwe? Serikali hujibu kwamba nchi yetu ina simba wengi kuliko nchi nyingine Afrika, na watalii huja kuwaona. Ni kweli, fedha hizo zinasaidia taifa. Lakini ni kweli pia kwamba mtalii humwona simba akiwa ndani ya gari, na mkulima hukutana naye akiwa na jembe. Mzigo huo haulingani, na si vizuri kuuficha.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimtaki mtu afe kwa ajili ya mnyama. Inaruhusu kumwua mnyama kuokoa maisha pale ambapo hakuna njia nyingine. Ukifanya hivyo, toa taarifa mara moja. Ngozi, meno na kucha ni mali ya Serikali, usizifiche.

Tena, kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao. Hiyo si fidia kamili, lakini ni yako. Mwone afisa mtendaji wa kijiji haraka, kabla nyayo na dalili nyingine hazijafutika. Mwombe aandike tarehe, mahali na majina ya mashahidi, kisha apeleke taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Karatasi ya hospitali itunze vizuri. Usiitoe bila kubaki na nakala.