Saa Moja na Mwalimu Si Mtihani

"Kaka, sasa nimepita au nimefeli?" aliniuliza rubani mmoja, muuguzi mwenye asili ya Mombasa, kabla hata hatujafungua mikanda ya Cessna 172. Nafundisha urubani katika klabu ndogo kaskazini mwa Ujerumani, na swali hilo nalisikia kwa Kijerumani kila msimu. Nikamjibu, "Dada, hapakuwa na cha kufeli." Akanitazama kama mtu anayefichwa matokeo.

Leseni ya rubani binafsi katika nchi za Umoja wa Ulaya yenyewe haiishi muda. Kinachoisha ni kibali kilichoandikwa ndani yake, cha kurusha ndege ndogo za injini moja ya pistoni. Hudumu miaka 2. Kabla hakijaisha, unaweza kukiongezea muda kwa kufanya mtihani mbele ya mtahini katika miezi 3 ya mwisho. Au unaonyesha kwamba umekuwa ukiruka: ndani ya miezi 12 ya mwisho uwe na saa 12 angani, 6 kati ya hizo ukiwa wewe ndiye rubani mkuu, uwe umepaa mara 12 na kutua mara 12, na upate angalau saa 1 ya mafunzo ya kujikumbusha pamoja na mwalimu. Wanachama wengi wa klabu yetu hupita njia hii ya pili.

Zingatia hiyo miezi 12 ya mwisho. Dada yangu wa Mombasa alikuwa ameruka sana mwaka wa kwanza, akaja na daftari nono la safari, lakini saa za mwaka wa pili hazikufika 12. Zile za mwaka wa kwanza hazihesabiki. Kilichomkosesha usingizi ni mimi, ilhali tatizo lake lilikuwa hesabu.

Simlaumu kwa kuogopa. Saa hiyo ina sura ya mtihani kabisa: mtu ameketi kulia kwako, anakuambia upunguze mwendo mpaka mabawa yapoteze mnyanyuo, mara anarudisha nguvu ya injini chini na kusema imezimika, utatua wapi? Hata miongozo ya EASA, shirika la usalama wa anga la Ulaya, humwelekeza mwalimu achague mazoezi kutoka yale yale ya mtihani, kwa kadiri anavyoona yanamfaa rubani aliye mbele yake. Lakini mtahini yuko pale kukupima. Mimi niko pale kusema, kushika usukani, kukuonyesha, na kukurudishia ujaribu tena. Safari hiyo rubani mkuu ni mimi, kwa hiyo saa hiyo inaingia katika zile 12, ila katika zile 6 haimo.

Mzee mmoja wa klabu, fundi mstaafu wa reli, alikuwa na desturi ya kuja siku isiyo na upepo, shati limepigwa pasi, na kunionyesha kona kali za angani ambazo amezizoea. Alizikata vizuri mno. Sikuwa na la kumfundisha. Safari moja upepo wa ubavuni uliamka asubuhi, akataka kuahirisha. Nikamsihi abaki, maana upepo huo ndio niliokuwa nautafuta. Kutua kwa kwanza nilimpokonya usukani kabla magurudumu hayajagusa lami. Tukarudia, tukarudia, hadi akazoea kuinamisha bawa la upande unakotoka upepo huku mguu wa pili ukisukuma pedali kunyoosha pua ya ndege. Tulipokuwa tunakunywa kahawa ndipo aliponiambia kwamba mke wake anatamani kwenda kisiwa cha Juist, katika Bahari ya Kaskazini, naye amekuwa akimpa visingizio kwa sababu ya upepo wa kule. Mtahini asingelisikia hilo kamwe. Nani humwambia mtahini anachokiogopa?

Lawama nyingine ni yetu walimu. Wapo wanaoshuka kwenye ndege na kutamka "nimekupitisha", kama mahakimu. Hunikera. Nikiona rubani ana hatari namwambia waziwazi na kumshauri aongeze saa za mazoezi; hakuna cheti cha kufeli kinachopelekwa popote.

Mtihani wenyewe ndio wenye meno. Wapo wanaouchagua wakidhani ni njia ya mkato kwa kuwa saa zao hazitoshi. Ni haki yao, lakini ukianguka katika sehemu yoyote, huruhusiwi kutumia kibali hicho mpaka ufaulu, hata kama tarehe yake bado. Na tarehe ikipita, japo kwa siku 1, njia ya saa 12 imefungwa: utapimwa kama unahitaji mafunzo, kisha mtihani hauepukiki.

Mwalimu aliyepewa idhini na mamlaka huweza kuandika tarehe mpya kwenye leseni yako mwenyewe, ila baada tu ya kuhakikisha masharti mengine yote yametimia. Ndiyo maana siku hizi naomba daftari la safari kwanza, funguo za ndege baadaye.