Takhmisa na Adabu ya Kuchota kwa Mwenzio

Kwamba mtunzi huamshwa na kazi ya mtunzi mwingine si jambo geni katika ushairi wa Kiswahili. Takhmisa, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusiana na tano, ni utungo ambamo mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akaitangulizia mitatu yake, ubeti ukatimia mitano. Mitatu hiyo sharti ifuate kina cha mshororo wa kwanza wa ile miwili; yaani mgeni humfuata mwenyeji. Ndivyo ulivyotiwa takhmisa utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo, kazi ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir.

Leo baadhi ya miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa katika chuo cha SOAS, London, yasomeka kwa njia ya intaneti, na mtunzi wa Lamu aweza kuifikia pasipo safari. Hata hivyo, wepesi wa kupata hauondoi adabu ya kuchukua. Anayenakili pasipo kutaja huficha chimbuko. Mtia takhmisa hulidhihirisha, maneno ya mwenziwe yakabaki yalivyo, naye akapimwa kwa yale aliyoyaongeza.