Barua Pepe za Zamani Hazikupotea

Tulipoitoa Windows XP katika kompyuta yetu hapa Lushoto na kuweka Windows 7, barua za wazazi walioko Tanga na Maskati hazikuonekana, wala anwani zao. Tulihuzunika sana. Kumbe Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, haina Outlook Express. Lakini diski isipofutwa, mafaili ya zamani huhamishiwa katika folda iitwayo Windows.old. Ruhusuni kwanza yaliyofichwa yaonekane, kisha tafuteni mafaili yanayoishia na dbx, ndimo zilimo barua. Anwani zimo katika lile la wab. Yanakilini kwenye flashi mara moja. Wenye Windows 10 wasichelewe: huko folda hiyo hujifuta baada ya siku 10.